Namna ya kupanga anime zako bora za mwaka mmoja: mfano wa 2023

Mtu akikuuliza anime ipi, yaani katuni ipi ya Kijapani, ilikuwa bora mwaka fulani, jibu la haraka huwa ni ile iliyovuma kuliko zote, au ile uliyoimaliza wiki iliyopita. Orodha ya kweli haipatikani hivyo. Inataka mipaka, inataka kumbukumbu, na inataka subira ya kulinganisha kazi mbili mbili hadi kila moja ikae mahali pake. Nimeuchagua 2023 kwa sababu mbili. Ulikuwa mwaka wa neema kubwa, na ni mwaka unaosumbua kuupanga, kwa kuwa baadhi ya kazi zake kubwa zilianza mwaka huo zikaishia 2024. Ukiuweza huo, mingine haitakushinda.

Utahitaji daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Akaunti kwenye tovuti ya MyAnimeList au AniList itakusaidia kukumbuka ulichotazama, ila si lazima.

1. Weka mipaka ya mwaka

Anza hapa, kwa sababu mabishano mengi ya "hiyo si ya mwaka huo" huzaliwa kwa watu ambao hawakukubaliana mipaka.

Televisheni za Japani huugawa mwaka katika majira manne: baridi (Januari hadi Machi), machipuko (Aprili hadi Juni), kiangazi (Julai hadi Septemba) na vuli (Oktoba hadi Desemba). Anime ya episodi 12 au 13 hutoshea katika majira mamoja. Ya episodi 24 mfululizo huchukua mawili, na ikianza Oktoba haina budi kuvuka mwaka mpya.

Frieren ndiyo mfano mkubwa. Ilianza tarehe 29 Septemba 2023, mlangoni mwa vuli, kwa episodi nne zilizorushwa pamoja usiku mmoja, ikaendelea kila Ijumaa, na episodi ya 28 ikatoka tarehe 22 Machi 2024. Hadi Desemba inakwisha zilikuwa zimetoka 16. The Apothecary Diaries nayo ilianza Oktoba, episodi zake 24 zikakamilika Machi. Kinyume chake, My Hero Academia msimu wa 6 na Blue Lock msimu wa kwanza watu walizimalizia Machi 2023, lakini zilianza Oktoba 2022.

Unaweza kuhesabu mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, au mwaka ulioonyesha episodi nyingi zaidi. Njia ya tatu inaonekana ya haki, ila inakwama mara tu unapokutana na kazi iliyogawanyika nusu kwa nusu. Mimi nashika ya kwanza: msimu ni wa mwaka ulimoanzia. Basi Frieren na The Apothecary Diaries ni za 2023, na zile mbili nyingine naziachia 2022. Halafu naongeza sharti ambalo wengi hawalipendi: orodha ya mwisho haiandikwi tarehe 31 Desemba. Inaandikwa Aprili ya mwaka unaofuata, kila kitu kikiwa kimekamilika. Anayeipa Frieren nafasi yake mwishoni mwa Desemba anaihukumu kabla mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza haujaanza, na huko ndiko hadithi inakopanuka, ikaleta kundi kubwa la wahusika wapya na uchawi wa namna nyingine kabisa.

Hata tuzo zina mipaka yake. Tuzo za Crunchyroll, jukwaa la kutazama anime mtandaoni, zilizotolewa Tokyo Machi 2024 ziliipa Jujutsu Kaisen msimu wa 2 heshima ya anime bora ya mwaka, na Frieren haikuwamo kwenye kinyang'anyiro hicho. Ilisubiri hadi tuzo za Mei 2025, ambako Solo Leveling ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Frieren "ilipigwa na Jujutsu" kwenye tuzo, mwambie hazikukutana. Orodha yako ina uwezo wa kuzikutanisha, na hiyo ni sababu tosha ya kuiandika.

Mambo matatu madogo ya kumalizia mipaka. Pima msimu, si jina zima: Vinland Saga msimu wa 2 isimame kwa miguu yake, bila kubebwa wala kuangushwa na msimu wa 2019. Filamu ziweke pembeni. The Boy and the Heron ya Hayao Miyazaki ilitoka Japani Julai 2023, ni kazi kubwa, lakini saa mbili za sinema hazipimwi kwa kipimo cha miezi sita ya kusubiri kila wiki. Na tarehe fuata ya Japani, ambako saa zimetutangulia kwa sita. Episodi ya mwisho kabisa ya Attack on Titan ilianza kurushwa huko usiku wa manane wa kuingia tarehe 5 Novemba 2023, wakati Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa bado saa kumi na mbili jioni ya tarehe 4. Mara nyingi haidhuru kitu, ila mwisho wa Desemba inaweza kukuhamishia kitu kwenye mwaka mwingine.

2. Orodhesha kila ulichotazama, kwa majira

Usianze na "kumi bora". Anza na vyote, na uviandike kwa majira. Sababu yake ni kwamba kumbukumbu huzionea kazi zilizoanza Januari. Kufikia Desemba kila mtu anazungumzia vuli, na kazi ya miezi kumi iliyopita inasahaulika hata kama ilikuliza.

Kwa 2023 kurasa zangu zilikuwa hivi. Baridi: Vinland Saga msimu wa 2, Trigun Stampede, NieR:Automata Ver1.1a, Buddy Daddies. Machipuko: Oshi no Ko, Heavenly Delusion, Skip and Loafer, Hell's Paradise, Mashle, na Demon Slayer ya kijiji cha wafua panga. Kiangazi: Jujutsu Kaisen msimu wa 2, sehemu ya pili ya Bleach: Thousand-Year Blood War, Zom 100, My Happy Marriage. Vuli: Frieren, The Apothecary Diaries, Pluto, Spy x Family msimu wa 2, Undead Unluck, Shangri-La Frontier.

Ulizoziacha njiani ziandike pia, na mbele yake andika uliishia episodi ya ngapi. Kazi uliyoiacha kwenye episodi ya pili haina haki ya kushushwa nafasi, kwa sababu hukuiona. Itoe kwenye mashindano, basi.

3. Gawa mafungu matatu kabla ya namba

Fungu la kwanza ni zile ambazo mwaka huo bila hizo ungekuwa maskini. La pili ni zile ulizozifurahia na ungempa rafiki azitazame. La tatu ni zilizopita tu. Fanya haraka, usifikirie sana. Hapa moyo unajua. La tatu liache lilivyo, halihitaji kupangwa. Kupanga nafasi ya 17 na ya 18 ni kazi isiyomsaidia mtu.

4. Linganisha mbili mbili

Wengi hutoa alama. MyAnimeList inakupa 1 hadi 10, unagawa, halafu unagundua una anime saba zenye 8 na hujui ipi inatangulia. Zaidi ya hapo, 8 uliyoitoa Februari si 8 ya Oktoba. Mkono hulegea au hukaza kadiri mwaka unavyokwenda. Alama hazikatai wala hazikubali chochote. Swali la mbili mbili linakulazimisha uchague.

Swali langu ni hili: kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu kati ya hizi mbili, na nyingine nisiweze kuitazama tena maishani, ningebaki na ipi? Jibu kwanza, sababu baadaye.

Huna haja ya kulinganisha kila jozi. Anime kumi zina jozi 45, na huo ni uchovu. Anza na mbili, zipange. Ukileta ya tatu, ilinganishe na ya juu na ya chini. Orodha ikirefuka, kila mpya ipambanishe na ile ya katikati kwanza. Ikishinda, ipambanishe na iliyo katikati ya nusu ya juu. Ikishindwa, ishuke nusu ya chini. Kwa orodha ya kumi, kila mgeni anapata kiti chake kwa maswali yasiyozidi manne.

Tuone jozi moja ngumu: Oshi no Ko na Skip and Loafer, zote za machipuko. Oshi no Ko ilifungua kwa episodi ya dakika 90, kishindo kikubwa kuliko vyote mwaka ule, na wimbo wake wa kufungulia, "Idol" wa kundi la YOASOBI, ulizunguka dunia nzima. Skip and Loafer haina kishindo. Mitsumi anatoka kijijini mkoa wa Ishikawa kwenda kusoma sekondari Tokyo, anakaa kwa shangazi yake, na lengo lake ni kusoma chuo kikuu kisha awe mtumishi wa serikali ashughulikie vijiji vinavyobaki bila watu. Ukipima kishindo, Oshi no Ko inashinda asubuhi na mapema. Nilipojiuliza swali langu, nilibaki na Mitsumi, na sikusita. Binti mwenye akili darasani na mshamba mjini, anayekosea mbele ya watu na kuamka kesho yake akaendelea: ni nani kati yetu aliyetoka wilayani kwenda kusoma jijini asiyemjua?

5. Jua unachokipima, hasa pale moyo unapositasita

Kuna jozi ambazo swali peke yake halitoshi. Hapo shuka kwenye vipengele: hadithi, wahusika, uchoraji na mwendo wa picha, muziki, na namna ilivyofunga. Usivijumlishe kama hesabu. Jiulize tu ni kipi kati ya hivyo kilichokufanya urudi wiki iliyofuata.

Kuwa mwangalifu na episodi ya kwanza. Ile ya Oshi no Ko ni nzuri mno kiasi kwamba inaweza kuibeba kazi nzima kwa niaba ya episodi kumi zilizofuata. Zipime hizo kumi. Ukifika kwenye sehemu ya Akane, mwigizaji kijana, na kile kipindi cha mapenzi, utaona kwamba kazi hii ina nguvu nyingine kando na ule mwanzo, na ndiyo inayostahili kuipa nafasi.

Kuwa mwangalifu vilevile na mapigano. Jujutsu Kaisen msimu wa 2, chini ya mwongozaji Shōta Goshozono katika studio ya MAPPA, una episodi tano za ujana wa Gojo na Geto ambazo kwangu ndizo bora za mfululizo mzima: mwanga wa jua, ukimya, urafiki unaovunjika polepole. Kisha inakuja sehemu ya Shibuya, mtaa wa Tokyo, yenye mapigano yaliyochorwa kwa ujasiri usio wa kawaida. Shibuya ilinishangaza, lakini zile tano ndizo zilizoniuma, na hata sasa nikisikia jina la Jujutsu zinanijia hizo kwanza. Wewe unaweza kuwa na jibu jingine, ila hakikisha unajua lipi kati ya mawili hayo ndilo unalolipa nafasi.

Muziki usiutenge na picha. YOASOBI waliimba pia wimbo wa kwanza wa kufungulia Frieren, lakini kinachoishikilia Frieren ni muziki wa ndani wa Evan Call, ule unaoingia taratibu watu watatu wakitembea njiani. Na kama umetazama nyingine kwa sauti za Kijapani na nyingine kwa sauti za Kiingereza, kumbuka hilo unapolinganisha. Maomao wa The Apothecary Diaries katika sauti ya Aoi Yūki ni nusu ya utamu wa kazi yenyewe: anavyobadilika kutoka uvivu wa kutojali hadi furaha ya kichaa pale anapoonyeshwa sumu.

Kuchelewa nako kunahitaji kauli. Zom 100 ilikatizwa katikati, na episodi zake tatu za mwisho zikaja kurushwa kwa pamoja mwishoni mwa Desemba. Mimi siikati alama kwa kusubirishwa. Anayeitazama leo anazikuta zote 12 zimepangana, na orodha ni kwa ajili yake pia. Ninachokipima ni kama baada ya kusubiri nilichopewa kilistahili.

6. Iache ilale, kisha uijaribu

Ukimaliza mpangilio wa kwanza, uache wiki mbili au tatu. Ukirudi, kwa kila anime ya fungu la kwanza andika matukio matatu unayoyakumbuka bila kufungua simu. Inayokataa kukupa hata moja ishushe. Jaribio hili limewahi kuangusha majina makubwa kwenye orodha zangu, na limeinua kazi kama Heavenly Delusion, ambayo kila nikifumba macho naona Maru na Kiruko wakitembea katika Japani iliyobomoka, na wale watoto ndani ya kuta wasiojua kuna nini nje.

Kisha, kwa zile tano za juu, tazama tena episodi moja moja kutoka katikati. Usichague ya kwanza wala ya mwisho, maana hizo hupikwa kwa uangalifu wa pekee. Episodi ya katikati, dakika 24 za siku ya kawaida, ndiyo inayokuonyesha kazi ilivyo. Bando halitakwisha kwa episodi tano.

7. Andika sababu mbele ya kila namba

Nafasi bila sababu haisomeki. Sentensi moja hadi tatu zinatosha, na ziwe juu ya kazi yenyewe. "Ni kali sana" haisemi kitu. Hii ndiyo yangu ya 2023:

Ya kwanza ni Vinland Saga msimu wa 2. Thorfinn, aliyekuwa muuaji mtoto, sasa ni mtumwa katika shamba la Ketil huko Denmark, anakata miti na kung'oa visiki pamoja na Einar ili wanunue uhuru wao. Episodi 24 za kilimo, njaa, majuto na swali la kama mtu aliyeua anaweza kuishi bila kuinua tena mkono. Walioiacha waliiacha kwa sababu ya mwendo wake wa taratibu. Mimi niliipenda kwa huo huo. Na mimi ni mtu wa Unguja, kisiwa ambacho karafuu zake za karne ya 19 zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Nikimwona Ketil, bwana mpole anayependwa na kila mtu na ambaye bado anamiliki watu, siwezi kumtazama kama mhusika wa mbali. Hakuna anime nyingine ya mwaka ule iliyonionyesha wazi hivyo kwamba upole wa bwana hauondoi utumwa.

Ya pili, Frieren. Elfi aliyeishi zaidi ya miaka elfu anasafiri miaka kumi na shujaa Himmel, anaiona kuwa muda mfupi tu, na anakuja kulia kaburini kwake kwa kuwa hakujitahidi kumjua. Episodi nne za kwanza zinatosha kuiweka hapa. Ilikosa nafasi ya kwanza kwa upana wa unywele, na mtu akizigeuza hizi mbili sitabishana naye.

Ya tatu, Pluto: episodi nane tu, kutoka manga (hadithi ya picha ya vitabuni) ya Naoki Urasawa aliyeichukua hadithi ya Osamu Tezuka na kuifanya uchunguzi wa mauaji. Ile hadithi ya roboti wa vita North No. 2 anayetaka kujifunza piano kwa mzee kipofu iko ndani ya episodi ya kwanza, na ningeipa nafasi hata kama ingekuwa peke yake.

Ya nne Skip and Loafer, nimekwisha sema. Ya tano The Apothecary Diaries, kwa Maomao na kwa mafumbo yanayofumbuliwa kwa elimu ya dawa badala ya miujiza. Ya sita Heavenly Delusion. Ya saba Oshi no Ko. Ya nane Jujutsu Kaisen, kwa zile episodi tano. Ya tisa Zom 100, ambayo mfanyakazi aliyechoshwa na kampuni inayomnyonya anafurahia zombi kuja kwa sababu kesho haendi kazini. Ya kumi Trigun Stampede, iliyonishawishi kwamba studio ya Orange inaweza kuupa uso uliochorwa kwa kompyuta huzuni ya kweli.

Attack on Titan nimeiweka nje, kwenye mstari wake. Zile episodi mbili ndefu za Machi na Novemba 2023 ni mwisho wa kazi iliyoanza Aprili 2013, na huwezi kuupima mwisho huo bila miaka kumi iliyo nyuma yake. Sheria ya kupima msimu peke yake hapa inaonea. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, iandikie mstari wa pekee na ueleze kwa nini.

8. Kuionyesha kwa watu, na kufungua ukurasa mpya

Usimharibie mwenzako uhondo. Sababu unazoandika zisiguse kifo wala siri ya mwisho. Ukihitaji kuigusa, tangulia kusema hadi episodi ya ngapi mtu awe ametazama. Kama umesoma manga, pima kilichoonyeshwa, si unachojua kinakuja. Na mtu akija na anime ambayo hukuwa nayo, muulize episodi moja ya kukushawishi, itazame, kisha uipambanishe na ile ya katikati kama nyingine zote. Andika tarehe ya toleo lako juu ya ukurasa, ili ukibadilisha kitu ijulikane lini.

Siku hiyo hiyo fungua ukurasa wa mwaka unaofuata na uanze na majira ya baridi kabla hayajasahaulika. Wangu wa 2024 ulianza na Delicious in Dungeon ya studio Trigger na Solo Leveling, zote za Januari, na mbele ya kila moja niliandika tukio moja tu nililolikumbuka.